Asipande, Asijenge, Asizike

Katika miaka kumi na mmoja tuliyopanga nyumba kisiwani, mke wangu aliniomba jambo moja tu lililonishinda kulipata kirahisi. Aliniomba akifa nisimvushe maji. Mengine yote aliyowahi kuniomba, kitenge, pazia, redio ya betri, yalipatikana dukani kwangu mwenyewe au kwa safari moja ya Isingiro. Hili halikuwa la kununua. Na lilimkuta mtu ambaye mdomo wake hufika kabla ya akili, kwa hiyo nililipokea vibaya tangu siku ile aliyolitamka.

Nianze na nyumba, maana bila nyumba ile haya yangemkuta mtu mwingine.

Mimi ni mzaliwa wa Kayanga, Karagwe, lakini ukiniuliza kwetu hasa ni wapi utanichosha. Babu yangu alitoka Pangani akifuata biashara ya kahawa, akafia huku. Baba yangu aliuza nguo na chumvi, naye akafia huku. Wote wamelala kwenye makaburi ya Waislamu mjini, na hakuna aliyeacha hata mgomba mmoja. Sisi ni watu wa kupanga, vizazi vitatu sasa. Mke wangu alikuwa hivyohivyo: alizaliwa Bukoba, baba yake fundi cherehani mwenye asili ya Ujiji, aliyehama chumba kila kodi ilipopanda. Tulipooana tulikuwa na kitanda, cherehani na mizani. Shamba hatukuwa nalo, na watoto hatukujaaliwa.

Mwenye fremu yangu pale Kayanga alipoiuza, mnunuzi mmoja wa samaki akanidokeza kwamba upande wa Kyerwa, kwenye ziwa, kuna kisiwa chenye watu na hakina duka. Unatoka Nyakatuntu kwa bodaboda mpaka mwaloni, bandari ya wavuvi, kisha mtumbwi, saa mbili kama upepo hauna ugomvi. Njia yenyewe hupita katikati ya mafunjo, na mafunjo hayo huhama, leo pana mlango hapa, kesho umeziba. Nilikwenda kuona. Nikakuta migomba imefunika kisiwa chote, kahawa chini yake, wavuvi wachache upande wa magharibi, na simu inayoshika mahali pamoja tu, juu ya jabali nyuma ya kanisa. Nikajisemea hapa sukari nitauza kwa bei ninayotaka. Ndivyo nilivyokuwa nikifikiri siku hizo.

Nyumba tuliyopewa ilikuwa ya udongo iliyopigwa plasta, bati juu, vyumba viwili na sebule niliyoigeuza duka. Ilikuwa ndani ya kibanja cha mjane mmoja. Kibanja, kwa asiyejua, ni shamba la migomba na kahawa ambamo ukoo unaishi, unakula na unazika. Mjane mwenyewe aliishi nyumba kubwa, hatua chache kutoka kwetu, na katikati ya nyumba hizo mbili alilala marehemu mume wake, chini ya vigae vya kijani ambavyo mama huyo alivifagia kila asubuhi kabla hajafagia uwanja.

Mkataba uliandikwa kwenye karatasi mbili za daftari la shule. Aliyeuandika ni shemeji wa mjane huyo, mkubwa wa ukoo, mzee wa Isingiro mwenye miwani iliyofungwa uzi. Alikuwa karani wa kahawa miaka mingi na mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wa hakimu.

"Kodi haina shida, mtaelewana na shemeji yangu," akaniambia. "Mimi nikusomee masharti. Mpangaji asipande zao la kudumu. Asijenge kwa tofali. Asizike."

"Asizike nini?"

"Mtu."

Nikacheka. Mke wangu akanifinya paja. Mzee hakucheka wala hakukasirika.

"Usione tunakutakia mabaya, waitu," akasema. "Kule Nyakatuntu baba yetu alimkaribisha mtu, akampa kibanda cha kukaa. Yule mtu akafiwa na mtoto. Baba akamhurumia, akamwambia zika pale kwenye migomba. Miaka ikaenda, baba akafa. Tulipofika baraza la ardhi, yule mtu hakuleta karatasi hata moja. Aliwapeleka wazee wa baraza kwenye lile kaburi akawauliza, nani huzika mtoto wake kwenye shamba la mwenzake? Nusu ya kibanja ikaenda."

Kwa watu hawa kaburi ndiyo hati ya shamba. Karatasi huliwa na mchwa, lakini babu akishalala chini ya migomba, nani atabishana naye? Nililielewa hilo siku ileile na sikuliona baya. Nikatia saini. Nilikuwa na miaka arobaini na moja, mke wangu thelathini na sita, na habari za kuzikana tuliziona za watu wengine.

Masharti yale mama mwenye nyumba aliyasimamia kwa upole ambao mwanzoni ulinikera. Nyuma ya jiko letu palikuwa na shimo la taka, na kila masika mbegu za papai zilichipua hapo zenyewe. Mche ukifika urefu wa goti, mama alikuja na jembe lake dogo, anapiga hodi kwanza, anasema "Samahani mwanangu", anaung'oa, anakwenda zake. Miaka yote hiyo hatukula papai la kwetu. Tulipanda mchicha, nyanya na vitunguu, vitu vinavyokufa upesi. Siku moja nilimwambia mke wangu kwamba mama huyu ataanza kung'oa hata nywele zangu maana nazo ni za kudumu. Alicheka mpaka akakaa chini, kisha akaenda kumsimulia mama mwenyewe, nao wakacheka tena wote wawili, na mimi nikabaki na hasira zangu dukani.

Hao wawili walipendana kuliko nilivyotaka. Mke wangu alijifunza Kinyambo ndani ya mwaka mmoja. Mimi mpaka leo najua salamu na kuhesabu. Mama alikuwa Mlutheri, na nyumbani kwake nyama ya nguruwe ilipikwa kila Krismasi, lakini alinunua sufuria moja mpya, akaitundika ukutani peke yake, ya kumpikia mke wangu tu, na wajukuu walijua kwamba atakayeigusa atakiona. Jioni nyingi niliwakuta uwanjani, mama amelala kifudifudi kwenye mkeka na mke wangu anamkanda mgongo. Mama alizaa wanaume watupu, wote wako bara wanatafuta maisha. Alimwita mke wangu mwana, naye akaitikia. Mimi aliniita mwenye duka.

Mwaka wa tano kiboko alipindua mtumbwi uliokuwa unatoka mwaloni. Wanaume wawili waliogelea. Mwanamke mmoja, mnunuzi wetu wa nyanya, alizama, akaonekana siku ya tano kwenye mafunjo, na mke wangu alikuwa miongoni mwa wanawake waliompokea ufukweni. Sitaeleza alivyokuwa. Mke wangu alirudi nyumbani, akanawa mikono mara nyingi, akaniambia hapandi tena mtumbwi. Nikadhani ni maneno ya siku moja. Hakupanda tena. Kaka yake alipooa Bukoba, mke wangu alituma khanga na samahani.

Kisha ikaja sukari. Si ya kuuza, ya damu. Mganga wa zahanati aliyekuja kisiwani kuchanja watoto alimpima akasema imepanda, inabidi aende hospitali bara, aanze dawa, awe anapimwa kila mwezi. Mke wangu akasema ndiyo, ndiyo, na hakwenda. Nikawa nakwenda mimi kumchukulia vidonge, namwambia daktari uongo kwamba mgonjwa yuko safarini. Ndivyo tulivyoishi miaka mitatu, naye alikuwa mzima wa kutembea na kucheka, nikajidanganya kwamba vidonge vinatosha.

Mwaka wa kumi na moja alijikata kidole cha mguu kwa jembe kwenye tuta la vitunguu. Kidonda kidogo, kama cha kucha. Kiligoma kupona. Kikapanda. Kufika wiki ya tatu mguu ulikuwa na harufu ambayo udi haukuifunika, na wateja dukani walikuwa wakinunua upesi na kuondoka.

Siku hiyo nilikodi boti ya injini. Nikaita wanaume wanne, tukambeba kwenye kiti mpaka ufukweni. Alinyamaza njia nzima. Tulipofika majini akashika mti wa kufungia mitumbwi kwa mikono miwili, na hao wanaume wanne na mimi hatukuweza kumbandua bila kumvunja vidole. Alikuwa analia kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kutoka kwake. Nilimsihi. Nikamfokea. Nikamwambia ananiaibisha mbele za watu, kana kwamba aibu yangu ndiyo iliyokuwa inaoza. Hasira zikanipanda, nikasema, "Basi ufie hukuhuku."

Watu wote walisikia. Akaacha kulia. Akaniangalia kwa utulivu, akasema, "Sawa. Nife hukuhuku, na nizikwe hukuhuku. Niapie kwamba hutanivusha hata nikiwa maiti."

"Wallahi sikuvushi," nikasema. Nilisema kwa ukali, nikiwa nimesimama kwenye maji ya magoti, kama mtu anayemjibu mdeni. Nusu saa baadaye, hasira ziliposhuka, nilikumbuka karatasi mbili za daftari zilizokuwa kwenye sanduku la duka, na nikajua nimeapa nini.

Watu wamenifariji kwamba asingepona hata kama angekwenda. Sijui wamelijulia wapi hilo. Ninachojua mimi ni kwamba siku ile ningeweza kumbeba kwa nguvu, akavunjika vidole, akanichukia, na pengine akaishi. Sikufanya hivyo kwa sababu nilikuwa nimekasirika. Watu wengine hukosa kwa woga au kwa uvivu. Mimi hukosa kwa hasira, na sasa nazeeka nayo.

Alikaa siku kumi na sita baada ya hapo. Mganga alivushwa mara mbili, akamchoma sindano, akatikisa kichwa. Siku za mwisho mke wangu hakuzungumza habari za mguu. Alizungumza habari za mahali. Aliniambia, "Si lazima pawe pazuri. Hata kule kwenye shimo la taka." Mama mwenye nyumba alikuwa amekaa miguuni pake, anasikia. Alikata roho asubuhi, jua limeshatoka, mama akiwa amemshika mkono wa kulia na mimi wa kushoto.

Nilimfunga kidevu, nikamnyoosha miguu, nikamfunika. Kisha nikamgeukia mama nikamwomba. Sikujua kuomba vizuri, nikasema tu, "Mama, unajua alichosema."

Kwanza alimnyooshea shuka mabegani.

"Mwenye duka," akasema, "mimi mwenyewe hapa naishi kwa sababu ya yule aliye chini ya vigae. Nikikuonyesha pa kuchimba kwa amri yangu, wataniondoa na mimi. Ngoja nipande jabalini nimpigie shemeji."

Alipanda jabalini kwa miguu yake ya miaka sabini na kitu. Nikabaki na maiti. Katika dini yetu maiti hasubirishwi, na kisiwani hakuna barafu. Nilikwenda dukani, nikashusha jora la bafta nyeupe. Nilikuwa nimewauzia watu wa kisiwa kile bafta kwa ajili ya maiti wao miaka yote, nami ndiye niliyekuwa naikata kwa sababu mikono ya wafiwa hutetemeka. Nikaipima na kuikata. Mikono yangu haikutetemeka, na hilo nalo liliniudhi.

Mzee alifika kabla ya adhuhuri kwa boti ya injini, pamoja na ndugu zake wawili wa Nyakatuntu. Alivua kofia mlangoni, akaingia, akasimama mbele ya mwili kwa heshima, akanipa mkono wa pole. Kisha akaniambia kwamba boti iko tayari, gari limeshaagizwa mwaloni, gharama wametoa wao, na masheikh wa mjini wameshapigiwa simu kaburi lianze kuchimbwa. Alikuwa amepanga kila kitu, bila kosa hata moja. Ningekuwa mtu mwingine ningemshukuru.

"Sikuja kuomba boti," nikamwambia. "Naomba futi sita."

"Tulikuandikia, waitu."

"Nimekaa miaka kumi na mmoja. Sijachelewesha kodi. Sijapanda hata papai."

"Ndiyo maana tunakuheshimu."

Hapo nikapoteza adabu. Nilimwambia yeye na ndugu zake ni watu wanaoogopa maiti wa mwanamke kuliko wanavyomwogopa Mungu. Nilimwambia achukue masharti yake akayazike. Nilisogea mpaka miwani yake ikawa karibu na pua yangu, na mmoja wa ndugu zake akanishika bega. Mzee hakurudi nyuma. Alingoja nimalize, kama anavyongojwa mtoto anayelia, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Kama ungekuwa na shamba, nawe ungenikatalia hivihivi."

Mimi sijawahi kuwa na shamba.

Mama mwenye nyumba alikuwa ameketi chini, kwenye nyasi kavu za msiba alizotandaza chumbani humo tangu asubuhi bila mimi kujua. Sasa akaongea kwa Kinyambo, maneno mengi, bila kuwaangalia wale wanaume. Nilishika machache: mwana, mgongo, sufuria. Alipomaliza, mzee alivua miwani akaifuta kwa shati, akaivaa tena polepole. Wakatoka nje wote watatu pamoja na mwenyekiti wa kitongoji aliyekuwa amefika kutoa pole, wakasimama karibu na vigae vya kijani. Niliwaona wakibishana. Jua lilikuwa kichwani na inzi walikuwa wameanza kuja. Nilipunga kipande cha boksi la sabuni juu ya uso wa mke wangu na kuhesabu saa.

Wakarudi. Mzee akaketi.

"Shemeji yangu anasema marehemu ni mwanawe," akasema. "Amesema alimlisha, alimuuguza, na hana binti mwingine. Mtoto wa nyumba huzikwa nyumbani. Hilo halina mgogoro na sisi hatulikatai."

Nilitaka kumshika mkono. Akauinua kunizuia.

"Ngoja. Shida yetu haikuwa yeye, ilikuwa wewe. Kaburi likiwa la mke wako, ni kaburi lako. Likiwa la binti yetu, ni letu. Kwa hiyo utatamka kwa mdomo wako, mbele ya mwenyekiti na sisi, kwamba huyu ni binti wa nyumba hii, na wewe huna wako aliyelala hapa. Na katika msiba huu utasimama kama ulivyo kwenye mkataba wako. Leo watakuja watu wa ukoo kutoka Isingiro, Nyakatuntu, mpaka Nyakasimbi. Hao ndio mashahidi wa kesho. Atakayekuuliza, utamjibu hivyohivyo. Ukimwambia mmoja tu kwamba umezika mke hapa, tumerudi kule kwa baba yetu."

Mama aliinamisha kichwa. Nikaelewa kwamba hakuomba hayo. Aliomba mtoto, na wao wakaongeza yaliyobaki.

Mtu wa dini yangu hamwiti mtu kwa baba asiye wake, hilo nililijua. Na mwanamume anayesema mbele ya mashahidi kwamba mke si wake anacheza na maneno mazito, maneno ya talaka, hilo nalo nililijua. Kupanda jabalini kumuuliza sheikh kulikuwa kupoteza saa nyingine. Boti ilikuwa inangoja, gari lilikuwa linangoja, na mjini kulikuwa na kaburi ambalo ningeliita la mke wangu mpaka nife, karibu na baba na babu. Nilichotakiwa kufanya ni kumvusha tu. Asingejua. Hilo ndilo lililokuwa linanijia kichwani: asingejua. Nilimwangalia alivyolala chini ya shuka, mguu mmoja mnene kuliko mwingine. Nikakumbuka mikono yake kwenye ule mti.

"Huyu ni binti wa nyumba hii," nikasema. "Mimi sina wangu aliyelala hapa."

Mzee aliandika. Mwandiko wake ulikuwa bado mzuri. Akanipa kalamu nitie saini chini, mahali palipoandikwa shahidi.

Walipotoka kwenda kuchimba, mama alileta ndoo ya maji na beseni. Kisiwani hapakuwa na mwanamke Mwislamu mwingine, na mume anaruhusiwa kumwosha mkewe, kwa hiyo kazi ilikuwa yangu. Nilisimama mlangoni mwa chumba nikashindwa kuingia. Niliogopa kwamba, baada ya maneno yale, mikono yangu haikuwa na haki tena ya kumgusa. Nikabaki hapo na kitambaa begani. Mama akanipita na ndoo, akaiweka chini, akasema bila kugeuka, "Ulivyosema pale, mimi sikusikia. Njoo unionyeshe nimimine wapi."

Nikaingia. Alimimina mimi nikaosha, kulia kwanza, kisha kushoto, na kila nilipomwambia tena alimimina tena. Hakuuliza kwa nini. Tulipofika kwenye mguu ule mbaya, aliweka kopo chini akauosha yeye.

Walimchimbia kwenye safu ya watu wao, karibu na vigae vya kijani. Nilipowaonyesha upande wa kibla walichimba nilivyoelekeza, na mzee hakulibishia hilo. Wavuvi wawili Waislamu walitoka upande wa magharibi, tukasimama watatu tukamswalia. Niliingia kaburini nikampokea. Nikamlaza, nikamfungua fundo la sanda kichwani, nikatoka. Wanaume wa ukoo wakafukia. Mchungaji hakuja, kwa kuwa mama alimwomba asije, na watu wakaimba kidogo kwa sauti ya chini wakaacha.

Baada ya hapo mitumbwi ikawa inafika. Sikujua kama ukoo ule una watu wengi kiasi kile. Walikuja na ndizi, na maharage, na kuni, wanawake wanaingia moja kwa moja kwa mama, wanapiga magoti, wanamshika mikono. "Pole mama kwa mwanao." Naye anaitikia. Wengine walilia machozi ya kweli kwa binti ambaye hawakuwahi kumwona. Mimi nilikaa nje, kwenye benchi chini ya upenu wa duka langu, udongo wa kaburi umenikaukia mpaka kwenye viwiko. Mlango wa duka nilikuwa nimeufunga. Mwanamume mmoja aliniuliza kama ninaweza kumfungulia anunue sigara.

Alasiri alifika mama mmoja mnene wa makamo, amevaa gauni la kanisani, amechoka na njia. Alisema ametoka Nyakasimbi mara tu alipopata simu. Aliketi kando yangu kwenye benchi, akavua viatu, akapumua. Akatazama udongo kwenye mikono yangu.

"Shikamoo baba. Pole."

"Marahaba."

"Ninyi ndio mliochimba?"

"Ndiyo."

"Mungu awabariki. Na wewe marehemu ni nani wako?"

Mzee wa Isingiro alikuwa amesimama hatua tatu kutoka kwetu, anazungumza na mtu. Alinyamaza. Hakugeuka, lakini alinyamaza. Nyuma yake niliona kile kichuguu cha udongo mwekundu, kibichi, na migomba imekizunguka, na maji ya ziwa mbali huko chini.

"Mimi ni mpangaji," nikasema.

"Aa," akasema yule mama. Akaangalia huku na huku, akaona wanawake wengine watatu wa ukoo wanapanda kutoka ufukweni na mizigo kichwani. Akanigusa mkono kwa adabu, akaniomba nisogee, wafiwa wapate pa kukaa.

Nikasogea.